Nyayo za Mama Kwenye Theluji

Kipupwe kilipoingia Sydney, fleti yetu ya St Marys ilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vumbi linaloungua, maana hita tuliyoachiwa na wapangaji waliotutangulia ilikaa kabatini mwaka mzima, na siku ya kwanza ya kuiwasha ilichoma vumbi lake lote kabla haijakumbuka kutupa joto. Ya pili ilikuwa ya dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani na kutoa machozi, ambayo Mama alijipaka mguu wa kulia kila jioni akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa mpaka gotini. Kipupwe ninachokisimulia ni cha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Hata leo, mteja akiingia kwenye studio yangu ya picha hapa Kitale akiwa ananukia dawa ya kuchua, mikono yangu huendelea kupanga taa lakini mimi mwenyewe ninakuwa nimekwisha kwenda, niko ukingoni mwa kitanda kile, nashika kifuniko cha chupa.

Naitaja studio yangu nikijivuna, wala sioni haya. Nina diploma ya upigaji picha niliyoisomea Sydney huku nikisafisha ofisi za watu alfajiri, na nimeitundika ukutani mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa. Niliporudi Kenya walikuwapo walionitabiria kwamba nitajaribu kidogo, nitashindwa, kisha nitapanda ndege tena kimyakimya. Leo maharusi wa mji huu hawatangazi siku ya harusi kabla ya kuniuliza kama nina nafasi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mimi nimesifiwa sana, na tembo langu bado ni kali. Hata kamera yangu ya kwanza sikupewa na mtu. Ilikuwa kamera ndogo ya mfukoni, ya rangi ya fedha, imekwaruzwa pembeni, niliyoiona kwenye dirisha la duka la mitumba karibu na stesheni ya St Marys. Niliwasuka wasichana wa kanisani kwetu Jumamosi baada ya Jumamosi, vidole vikiniuma mpaka usingizini, hadi siku nilipoingia dukani humo mwenyewe nikainyooshea kidole. Nyota njema huonekana asubuhi.

Mama yangu anaitwa Nafula, ingawa Wakenya wenzake wa Sydney walimwita Mama Nekesa kwa jina langu. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Westmead, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Siku moja ya mvua, miezi kadhaa kabla ya kipupwe, aliteleza kwenye ngazi za fleti yetu akavunjika mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Alifanyiwa upasuaji, akatiwa vyuma, akakaa na plasta, kisha akaanza kutembea kwa magongo. Mimi ndiye niliyesonga ugali, nikafua, nikamfunga kamba za kiatu. Hayo yote tuliyaweza. Tulichoshindwa ni habari za mguu huo, kwa sababu habari haina plasta. Ilisafiri kutoka Sydney hadi chini ya Mlima Elgon bila kupumzika, na kila aliyeipokea aliitia chumvi yake. Mguu umevunjika. Mguu umepasuliwa. Mguu umekatwa. Ilipofika kwa Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, Mama hakuwa na mguu tena.

Mtu wa mbali angesema ni jambo rahisi, mpigie simu umweleze. Lakini kwetu habari mbaya haipitishwi kwa mzee kwenye simu. Mzee huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, ameumia kidogo, njoo tu umwone. Kukhu mwenyewe aliwahi kuambiwa kwamba mwanawe mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Mombasa anaumwa kidogo tu. Akafunga safari amembebea kuku wa kumpikia supu, akafika akakuta hema limesimamishwa uani na wanawake wanaimba. Tangu siku hiyo neno “kidogo” lilikuwa kwake jina lingine la msiba. Sasa fikiria Mama, ambaye hakutaka kumtisha mzazi wake, anapiga simu na kusema, “Niliumia kidogo tu, Mama, natembea vizuri.” Kila alivyozidi kumtuliza ndivyo alivyozidi kuuthibitisha uvumi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Mama hata hakuwa akificha maradhi. Alikuwa akificha maumivu tu, kama wanawake wote wa kwetu.

Mjomba Wafula, mdogo wake Mama, aliyeishi boma moja na Kukhu, alipendekeza picha. Mama akasimama kwenye zulia la sebuleni, bila magongo, akiegemea ukuta kwa siri, nami nikampiga picha kwa ile kamera yangu. Picha ikafika kwenye simu ya Mjomba. Kukhu aliitazama akairudisha. “Hii ni ya zamani,” alisema. “Gauni hilo nililiona kwenye picha ya Krismasi. Zulia ni lile lile. Mnanionyesha mguu wa mwaka jana.” Baada ya hapo akakataa kuja kwenye simu. Akasema mtoto asiyetaka kumwambia ukweli, hana haja na sauti yake. Akaingia kitandani, akaacha ng’ombe wake wakamuliwe na wengine, yeye ambaye hakuwahi kumwamini mtu na chuchu za ng’ombe wake. Mjomba alipiga simu sauti yake imeshuka. “Dada, anakunywa vijiko viwili vya uji anasema ameshiba. Mimi siogopi njaa, naogopa moyo wake. Amegeuza uso ukutani.” Mama alikata simu, chupa ya dawa ya kuchua iko wazi mkononi. Kusafiri hakuweza, daktari alikuwa hajamruhusu kukaa kwenye ndege kwa saa nyingi, na likizo zake zote zilikuwa zimeishia kitandani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile nilijifunza kwamba uchungu wa mzazi nao una mwenyewe.

Ndipo likaja jambo la theluji. Kanisa letu, lenye Wakenya, Warundi na Wakongo wachache, lilipanga safari ya kwenda kuiona theluji kwenye milima ya kusini, na juma lile lile Anti Roza, muuguzi rafiki yake Mama, alikuwa akienda Kenya, kwao kukiwa si mbali na kwetu. Mimi nikaunganisha mambo hayo mawili. Siku hizo nilielewa Kiswahili chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, ugonjwa wa watoto wote wa kule. Nikamwambia Mama kwamba theluji hatujawahi kuikanyaga maishani mwetu, kwa hiyo picha ya kwenye theluji haiwezi kuwa ya zamani, na Anti Roza angempelekea Kukhu mkononi.

Mama aliniangalia. “Akili hiyo umeitoa wapi?”

“Kwako.”

“Basi niliyobaki nayo ni kidogo sana,” alisema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu simu ile ya Mjomba.

Tuliondoka St Marys kungali giza, kwenye basi dogo la kanisa lililoendeshwa na Fidele, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mtu ambaye mdomo wake ulikimbia kuliko gari. Ndani kulinukia chai ya tangawizi, chapati zilizofungwa kwenye taulo na sufu iliyovundia kabatini, maana kila mtu alikuwa amevaa kila alichokuwa nacho. Wanawake walikuwa wamevaa mifuko ya plastiki ya mkate juu ya soksi kabla ya kuingiza miguu viatuni, mtu alikuwa amewaambia theluji hupenya kama deni. Fidele alimtazama Mama kwenye kioo. “Mama Nekesa, weye usiogope. Kule mtu akianguka havunjiki, anazama tu kama kijiko kwenye uji.” Mama akamjibu, “Fidele, funga mdomo ufungue macho, barabara iko mbele.” Basi zima likacheka, na Mama akanishika mkono chini ya blanketi. Mkono wake ulikuwa na jasho katika baridi ile.

Jua lilitukuta kwenye mbuga za nyasi za manjano zilizogandwa na umande mweupe, kondoo wamesimama kama mawe. Tukapita Cooma, barabara ikaanza kupanda, na hapo pembeni mwa lami nikaona kitu kama chumvi iliyomwagika. Chumvi ikawa vipande, vipande vikawa shuka, kisha hapakuwa tena na kitu kingine chochote duniani. Mama alipaza sauti, si kwa sababu ya theluji bali kwa sababu ya miti. Ilikuwa mikaratusi, jamaa wa ile inayozunguka mashamba ya kwetu, ile tunayokata nguzo na kuni. Tulijua asili yake ni Australia lakini hatukujua kwamba huku kwao inasimama ndani ya barafu, imejikunja, magome yake yana mistari ya kijani na kahawia kama nguo iliyolowa. Tuliposhuka garini niliogopa ukimya. Theluji inameza sauti. Watu ishirini na ushee walikuwa wakipiga kelele, wakitupiana matonge, wakiteremka vilima kwa kukalia mifuko, na bado nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Na mwanga ulikuwa unatoka kila mahali, juu na chini, hata kivuli cha kofia yangu hakikuwa cheusi.

Sasa niseme neno juu ya picha za kwetu, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nalo. Kwetu picha ya heshima ni picha ya mtu mzima, kuanzia kichwani hadi viatuni. Mpiga picha aliyekata miguu ya mtu alirudishiwa kazi yake na matusi juu. Mtu asiye na miguu pichani, wazee walisema, amekatiwa safari. Mama alinifundisha sheria hiyo siku niliyoleta kamera nyumbani: “Anza na kilemba, maliza na viatu.” Na safari hii viatu ndivyo vilivyokuwa habari yenyewe. Aliacha magongo kwenye basi yasije yakaingia kwenye picha hata kwa bahati mbaya. Akachagua mahali mbali na watu, kwenye mkaratusi mmoja mkubwa, ambapo theluji ilikuwa haijaguswa, ili Kukhu aione ikiwa safi. Akaniamuru nizunguke kando nisiichafue, naye akaenda peke yake, moja kwa moja, polepole, mikono ameitandaza kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea umbali ule bila kushika kitu. Sikupiga picha ya kutembea kwake. Nilikuwa nikiomba Mungu.

Alipofika aligeuka, akanyoosha koti refu aliloazimwa na Anti Roza, akaweka kilemba sawa, akatazama mbele kwa uso wa studio, ule usiocheka.

“Miguu ipo?” aliniuliza kwa sauti.

Nikajibu kwamba ipo. Na kwa kweli nilikuwa nimefuata sheria: kilemba juu, ardhi chini, nafasi ya kutosha pande zote. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kilikuwa cheusi kama tako la sufuria kwa sababu ya mng’ao, hakuna nilichokiona humo isipokuwa pua yangu, lakini niliamini sheria. Nikampiga amesimama kushoto, amesimama kulia, ameinua mkono kumsalimu mama yake. Kisha tukarudi kwa njia nyingine, ya chini, yenye theluji iliyokanyagwa na watu, huku Mama akiniegemea bega na kuhema.

Alasiri, watu walipoanza kuitwa garini, jua lilikuwa limelala upande wa milima. Niligeuka nikaona nyayo za Mama. Zilitoka ukingoni mwa njia zikaenda mpaka kwenye mkaratusi, moja baada ya nyingine, na kila unyayo ulikuwa umejaa kivuli cha buluu kama bakuli lililotiwa wino. Mteremko ule mweupe haukuwa na alama nyingine ila hizo. Sijui nieleze vipi kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kusimamishwa na kitu mpaka asisikie jina lake likiitwa. Nikapiga picha. Nikasogea, nikapiga nyingine.

“Weye mtoto, unapiga picha hewa?” Fidele aliuliza.

“Nekesa, mtu yuko wapi hapo?” mwanamke mwingine akadakia. “Iambie theluji itabasamu basi!”

Wakacheka, maana kwetu picha isiyo na mtu ni hasara. Mama naye akanihimiza, amechoka, “Njoo, mama, usimalize betri kwa mashimo.”

Betri iliisha kabla hatujazitazama kwenye kamera, kwa hiyo picha zilikwenda moja kwa moja kusafishwa kwenye duka moja pale St Marys, nami nikaziendea baada ya shule nikakimbia nazo mpaka kwa Anti Roza, alikonisubiri Mama, bahasha haijafunguliwa, kwa sababu Mama alitaka kuwa wa kwanza kuziona. Anti Roza alikuwa akipakia masanduku, teksi ya uwanja wa ndege imekwisha kuitwa. Mama akafungua bahasha. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Theluji haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni. Uso wa Mama ulikuwa umeingia giza, kilemba kinaonekana lakini chini yake hapakuwa na macho wala mdomo. Na chini, pale koti lilipoishia, Mama naye aliishia. Theluji ilikuwa imemmeza hadi karibu na magoti.

“Nekesa,” alisema taratibu, “miguu yangu iko wapi?”

Anti Roza akachungulia. “Ataelewa ni theluji, Mama Nekesa.”

“Ataelewaje? Ameiona wapi theluji? Ataona binti yake amesimikwa juu ya shuka kama mshumaa. Hana uso, hana miguu.” “Nimejizika mwenyewe kwa mkono wangu. Zirudishe, Roza, usiende nazo.”

“Nikifika mikono mitupu baada ya kusubiriwa wiki nzima, hapo ndipo atajua umekufa kabisa,” Anti Roza alisema, na alikuwa mwanamke ambaye akishasema amesema. “Mkono mtupu haulambwi.” Akachukua bahasha yote ilivyo, na za miguu iliyozama na za mashimo, akaitia kati ya nguo, akalikalia sanduku mpaka likafunga. Nje teksi ilikuwa ikipiga honi.

Siku zilizofuata fleti yetu ilikuwa na zile harufu mbili tu. Mama hakunigombeza hata mara moja. Alikwenda kazini, ambako siku hizo alipewa kazi za kukaa, akarudi, akajipaka dawa, akaweka simu kwenye mto kama mtu anayelaza mtoto. Kila ilipolia alishtuka akaitazama kwanza, na nilijua anachokiogopa: asije akawa Mjomba Wafula, akisema kwamba Kukhu anaumwa kidogo.

Simu ya Mjomba ilikuja Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, Mama ameshika pasi. Aliiweka pasi chini, akabonyeza simu ili nami nisikie, na kitu cha kwanza tulichosikia kilikuwa kicheko. Mjomba alikuwa akicheka mpaka akashindwa kusema. Akatueleza kwamba Kukhu alipewa picha za Mama kitandani, akaitazama ya kwanza akasema, “Nilijua,” akazilaza zote kifudifudi juu ya blanketi. Anti Roza akaanza kulia na kuapa kwa majina ya watakatifu, Kukhu hamsikilizi. Bahasha ilipoinuliwa, zile picha mbili za mashimo zikadondoka. Kukhu akaokota moja. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akaomba ainuliwe, apelekwe nje kwenye mwanga. Siku nyingi alikuwa hajatoka nje. Akakaa kwenye kigoda, akauliza, “Hapa amepita nani?” Anti Roza akamwambia ni Nafula, peke yake, hakuna mwingine aliyekanyaga. Kukhu akaziwekea kidole, unyayo baada ya unyayo, kutoka chini ya picha mpaka kwenye mti, midomo yake ikicheza.

Kisha Mjomba akampa simu.

“Wewe Nafula,” ilisema sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa majuma mengi.

“Mama.”

“Wa kushoto bado unautupa nje kama bata.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na wa kulia upo. Lakini unaukanyaga kwa woga, hatua yake ni fupi. Huu mguu uliumia sana.”

Nilimwona Mama akitafuta lile neno lake la siku zote, “kidogo”, nikaliona likimkatalia. “Niliumia sana, Mama,” alisema. “Nilivunjika mfupa. Nililia usiku na mchana. Nilidhani sitatembea tena.”

“Haya. Sasa umeongea na mama yako,” Kukhu alisema. “Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, ningelia siku mbili nikaenda kukamua ng’ombe wangu. Na huo unga wote ameumwaga nani?”

Mama akakaa sakafuni, akacheka huku analia, nami nikakaa naye. Kanisani tulichelewa. Njiani ndipo aliponieleza jambo ambalo mimi, mtoto wa lami, sikulijua. Upande wa kwetu wezi wa mifugo walikuwa wengi, na kila machweo Kukhu alikuwa akifagia uwanja wote, kuanzia zizini hadi langoni, mpaka udongo unalala laini, kisha hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga ovyo. Asubuhi alitoka wa kwanza akausoma. Alijua kama amepita fisi, mlevi, au mgeni mwenye nia mbaya. Na alijua ni binti yake yupi aliyetoka kwenda dansi, kwa hiyo Mama katika ujana wake hakuwahi kufaidi hata dansi moja. Wanawake wa boma zima walisoma hivyo. Nyuso zinaweza kupangwa mbele ya kamera, Mama alisema, lakini Kukhu alimwamini mtu kwa namna alivyopita.

Miaka baadaye darasani Sydney, mwalimu alipotueleza kwamba kamera ikikutana na weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza mpaka theluji inakuwa kijivu na uso mweusi unapotelea gizani, niliinua mkono nikasema hilo nalijua tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Na nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye somo lake: kwamba ule ukijivu uliomficha Mama ndio uliozihifadhi nyayo zake. Kama theluji ingetoka nyeupe kama ilivyokuwa, mashimo yale yangeyeyuka kwenye weupe na Kukhu asingeona kitu. Nilipata alama za juu kabisa darasa lile, na sikushangaa. Chanda chema huvikwa pete. Lakini diploma yangu, pamoja na kiburi changu chote juu yake, naiona kama cheti cha pili. Cha kwanza kilitolewa kwenye kigoda chini ya Mlima Elgon, na mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Namshukuru Mungu kwa kamera ile ya mitumba, kwa wasichana wote waliovumilia nikiwavuta nywele, kwa Fidele na mdomo wake, kwa Anti Roza aliyelikalia sanduku. Nawashukuru hata walionicheka.

Kukhu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinipokea niliporudi, akaniuliza kwa nini nimekonda kama nilikotoka kuna unga mwingi kiasi kile, na alifariki akiwa ameshiba siku, baada ya kukamua ng’ombe asubuhi. Siku hizi hakuna anayesubiri mtu apande ndege na bahasha. Simu za leo zinaujua weupe wa theluji na weusi wa ngozi zetu, zinaviweka vyote sawa bila kuombwa. Picha inafika kabla hujavua kofia. Na wateja wangu, Mungu awabariki, huja kupiga picha za kuwatumia watoto walioko ng’ambo, wakaniomba nifute mikunjo ya uso, nitoe mkongojo, nijaze mashavu yaliyobonyea. Hufanya kile ninacholipwa kukifanya. Ila mzee akikubali, humwomba kwanza atembee kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, nikampiga akija, na picha hiyo humpa bure.

Mama bado yuko Sydney, bado anahudumia wazee, ingawa sasa yeye mwenyewe anawakaribia. Sasa mimi ndiye niliye chini ya mlima na yeye ndiye aliye mbali. Juzi niliposikia ameteleza bafuni, nikampigia, uso wake ukatokea kwenye simu umeng’aa, ameupaka mafuta, ametabasamu. “Si kitu, mama,” alisema. “Ni kidogo tu.”

“Iweke simu chini,” nilimwambia, “kisha tembea nikuone.”

“Wewe Nekesa! Mimi ng’ombe wa mnada?”

“Tembea, Mama.”

Akalalamika, akaiegemeza simu kwenye miguu ya meza. Nikaona zulia, nikaona kandambili zake. Akaenda hadi dirishani, akageuka, akarudi, wa kushoto ameutupa nje, wa kulia umekawia kidogo. Nikamwambia arudie mara moja zaidi. Akarudia.